Masikio Yanapolia Peke Yake

Ninyi mlioketi mbele ya redio, na wewe unayesoma maneno haya katika karatasi, somo ni moja. Soma polepole. Ukikutana na neno gumu, lipigie mstari kwa penseli, uendelee mbele. Mwalimu wako atalieleza baadaye.

Leo tutasema habari za masikio. Si habari za uziwi hasa, ingawa uziwi utatajwa. Tutasema habari za mtu anayesikia sauti ambayo haitoki mahali popote.

Pengine mtu huyo ni wewe. Usiku umeingia, watoto wamelala, redio imezimwa, nyumba ni kimya. Ndipo sauti inapoanza: nyiii, kama nyenje mtini, au vuuu, kama upepo, au kama birika lililo karibu kuchemka. Unamwuliza mwenzako, "Husikii?" Naye anatega sikio, asisikie kitu. Unatoka nje kutazama, hakuna kitu. Unaziba masikio kwa vidole, na sauti inazidi. Hapo hofu inakuingia, maana umekwisha kufahamu kwamba sauti ile imo ndani yako mwenyewe.

Wako watakaokuambia kwamba unasengenywa mahali. Wako watakaosema ni mashetani, au kwamba kuna mtu amekufanyia jambo. Na wewe, ukiwa peke yako, pengine unafikiri baya zaidi, kwamba akili zako zinaharibika; kwa hiyo unanyamaza, humwambii mtu.

Basi nianze na hilo. Akili zako ni nzima. Madaktari wanaijua sana hali hii, nao huiita tinitasi, jina lililotoka katika neno la Kilatini la kulia kama kengele. Sisi leo tutauita mlio wa masikio. Mwaka 2022 watafiti waliokusanya hesabu za nchi nyingi walikadiria kwamba watu wazima zaidi ya milioni 740 duniani wamepata kuusikia mlio huo, na kwamba watu zaidi ya milioni 120 unawasumbua sana. Yaani katika kila watu wazima 100, watu kama 14 wameusikia. Ikiwa darasa lenu lina watu 30, hesabu yake ni watu wangapi? Ifanyeni wenyewe ubaoni. Mtaona kwamba hata katika chumba mlimo sasa, huenda wewe si wa pekee.

Mtunzi mkubwa wa muziki wa Ujerumani, Ludwig van Beethoven, aliupata mlio huu alipokuwa bado kijana. Mwaka 1801, akiwa na umri wa miaka 30, alimwandikia rafiki yake aliyekuwa daktari kwamba masikio yake yanavuma usiku na mchana, na kwamba amekuwa akiwakwepa watu, kwa kuwa hawezi kuwaambia kwamba anakuwa kiziwi. Kazi yake ilikuwa muziki, angemwambia nani? Aliendelea kutunga kwa zaidi ya miaka 20 baada ya barua hiyo. Lakini mimi namtaja kwa ajili ya kule kuficha. Mtu akiuficha mlio huu, hubaki naye chumbani wawili peke yao, na hapo ndipo unapopata nguvu.

Sasa sauti hii hutoka wapi? Kwanza yatupasa kujua jinsi sikio linavyofanya kazi.

Sauti ni mtikisiko wa hewa. Ukipiga ngoma, ngozi yake hutikisika, na hewa iliyo karibu nayo hutikisika pia. Mtikisiko huo huingia katika tundu la sikio mpaka kwenye utando mwembamba, uliowambwa kama ngozi ya ngoma. Nyuma ya utando huo kuna mifupa mitatu midogo sana, nayo hupeleka mtikisiko ndani zaidi, katika kitu kilichojizungusha kama kombe la konokono. Ndani ya kombe hilo mna maji, na katika maji hayo mna chembe hai zenye vinywele vidogo visivyoonekana kwa macho. Vinywele hivyo vikitikisika, kama mpunga unaotikiswa na upepo, chembe hupeleka habari katika mshipa wa fahamu mpaka kwenye ubongo. Ubongo ndio unaosikia. Sikio ni tarishi tu, aletaye barua.

Chembe hizo katika kila sikio ni kama 15,000. Labda waona kwamba ni nyingi. Jicho lako moja lina chembe za kuonea zaidi ya milioni 100. Kwa hiyo sikio ni kama mtu mwenye akiba ndogo: kila senti inayopotea yaonekana.

Nazo hupotea. Uzee huziondoa kidogo kidogo. Kelele huziua mapema. Msagaji anayesimama kando ya mashine ya unga miaka kumi, mfanyakazi wa korona ya mkonge, mchomeleaji anayegonga vyuma, askari na bunduki yake, konda wa matatu yenye spika chini ya viti, kijana anayelala na hedifoni masikioni, wote hao wanatumia akiba yao. Shirika la Afya Duniani linasema kwamba sauti ya desibeli 80 yaweza kusikilizwa muda wa saa 40 kwa juma bila hatari kubwa. Desibeli ni kipimo cha sauti, kama kilo ilivyo kipimo cha uzito. Sauti ikipanda desibeli 3 tu, muda huo hukatwa nusu: desibeli 83, saa 20. Na kama huna chombo cha kupimia, tumia njia hii rahisi: ikiwa huna budi kupiga kelele ili mtu aliye mbele yako, umbali wa mkono mmoja, akusikie, basi mahali hapo panakula masikio yako.

Ziko dawa pia. Wazee wetu wanaikumbuka kwinini: ukiinywa kwa homa ya malaria, masikio huvuma kama mzinga wa nyuki. Mvumo huo kwa kawaida huondoka dawa ikiisha mwilini. Asprini nyingi hufanya vivyo hivyo. Lakini sindano nyingine, kama streptomaisini, kanamaisini na gentamaisini, zaweza kuua kabisa chembe za sikio. Ndiyo sababu tangu mwaka 2018 Shirika la Afya Duniani limeshauri kwamba katika kifua kikuu sugu vidonge vitangulizwe mahali pa sindano. Ukiwa katika matibabu na masikio yakaanza kulia, usiache dawa kwa shauri lako mwenyewe. Kifua kikuu kitakuua, mlio hautakuua. Mwambie mwuguzi siku hiyo hiyo. Yeye na daktari ndio watakaobadili dawa au kipimo chake.

Chembe za sikio la binadamu zikifa haziwi tena. Hapa kuku katuzidi. Katika miaka ya 1980 wataalamu waligundua kwamba masikio ya ndege yakiharibiwa, chembe zake huota upya. Wako wanaotafuta njia ya kuziotesha zetu, lakini mpaka sasa hakuna dawa ya kazi hiyo, na yeyote anayekuuzia anakuuzia maji.

Sasa tufike kwenye mlio wenyewe. Tazama redio iliyo mbele yenu. Stesheni ikiwa karibu, maneno huja safi. Stesheni ikiwa mbali, maneno huja hafifu. Wafanya nini? Waongeza sauti. Ukiongeza, yanakuja maneno, lakini pamoja nayo huja ule mvumo wa shhh. Mvumo huo ulikuwamo tangu mwanzo, ila hukuwa ukiusikia. Wataalamu wengi waona kwamba ubongo hufanya hivyo hivyo. Chembe zikifa, habari kutoka sikioni hupungua. Ubongo haukubali kunyimwa habari, nao huongeza sauti. Ndipo unaposikia mvumo wa mishipa yenyewe. Na kwa kuwa chembe zinazotangulia kufa kwa kelele ni zile za sauti nyembamba, watu wengi husikia mlio mwembamba, kama wa nyenje.

Utauliza, twajuaje kwamba mlio umo katika ubongo? Zamani wako wagonjwa walioteseka sana hata madaktari wakakata mshipa wa fahamu wa sikio, wakitumaini mlio utakoma. Sikio likawa ziwi kabisa, lakini kwa wengi wao mlio ulibaki pale pale. Tarishi ameondolewa, na bado barua inasomwa! Ni kama mtu aliyekatwa mguu, ambaye husema vidole vya mguu ule vinamwasha.

Na tena kuna jaribio lililofanywa Uingereza, likatangazwa mwaka 2012. Watu 18 wenye masikio mazima walizibwa sikio moja kwa muda wa siku 7. Kati yao, 14 walianza kusikia milio ambayo haikuwapo. Kizibo kilipoondolewa, milio ikatoweka. Jaribio hili mimi nalipenda kuliko mengine, kwa sababu latuonyesha mambo mawili kwa mara moja. Ubongo wa mtu mzima waweza kuongeza sauti yake kwa siku chache tu. Na huo huo waweza kuishusha tena.

Basi swali linaloulizwa na kila mwenye mlio ni hili: ubongo wangu utapona?

Nitakujibu bila kukuficha. Ikiwa mlio umeanza jana baada ya arusi yenye spika kubwa, kwa kawaida utaondoka kwa saa chache au siku chache, na uuchukue kuwa ni onyo. Ikiwa ni nta iliyoziba sikio, mwuguzi ataitoa na pengine mlio utaisha papo hapo. Ikiwa mlio una majuma machache, bado yawezekana upungue wenyewe. Lakini ukiwa umekaa miezi sita, mwaka, miaka mitano, basi huenda ukabaki nawe. Hakuna kidonge kilichothibitishwa kuuondoa. Majani ya ginkgo, yanayouzwa sana kwa bei kubwa, yamejaribiwa mara nyingi, na faida haikuonekana. Usiuze mbuzi wako kwa ajili hiyo.

Lakini neno kupona lina mlango wa pili.

Mgeni kutoka bara akilala mara ya kwanza Pwani, karibu na bahari, hapati usingizi kwa sababu ya mawimbi. Asubuhi anamwuliza mwenyeji, "Mwalalaje na kelele hizi?" Mwenyeji anashangaa: kelele zipi? Masikio ya mwenyeji hayana kasoro. Mawimbi yanaingia masikioni mwake kila usiku kama yanavyoingia ya mgeni. Ila ubongo wake una askari wa zamu, na askari huyo amekwisha kuyajua mawimbi. Yakipita, hamwamshi mtu.

Mlio unapoanza, askari haujui. Anaona adui kaingia nyumbani. Anaamsha wote: moyo unapiga mbio, jasho linatoka, usingizi unakimbia. Na kadiri unavyoogopa, ndivyo askari anavyozidi kuusikiliza. Kadiri anavyousikiliza, ndivyo unavyozidi kuonekana mkubwa. Madaktari wameupima ukubwa wa mlio kwa kuulinganisha na sauti za mashine. Mara nyingi wamekuta ni mdogo, desibeli chache tu juu ya sauti ndogo kabisa ambayo mgonjwa aweza kuisikia. Tena watu wawili waweza kuwa na mlio wa ukubwa mmoja. Mmoja anafanya kazi na kucheka, mwenzake hali wala halali. Tofauti yao iko kwa askari.

Mwaka 1990 mtaalamu aitwaye Pawel Jastreboff aliandika jambo hili kwa wataalamu wenzake: kwamba mateso ya mlio hutoka katika kule kuunganishwa kwake na hofu ndani ya ubongo, na kwamba ubongo waweza kufunzwa kuuzoea. Tangu hapo watu wengi wamesaidiwa kwa njia hizo za mafunzo. Mwaka 2020 wataalamu walipitia majaribio mengi ya tiba ya mazungumzo, ambayo mgonjwa huketi na mtu aliyefunzwa, akajifunza kuyachunguza mawazo yake ya hofu. Tiba hiyo haipunguzi ukubwa wa mlio. Mlio ni ule ule. Kinachopungua ni mateso. Mtu asiyepata kuteseka ataona ni faida ndogo. Mtu aliyekesha miezi mitatu hataona hivyo.

Kuzoea huku hakuji kwa siku moja. Huchukua miezi, wengine mwaka na zaidi. Tena hakuendi kwa mstari ulionyooka: juma hili umesahau, juma lijalo umechoka au una huzuni, na mlio unarudi kama mwanzo. Usidhani kwamba umeanza upya.

Nyumbani kwako wewe mwenyewe waweza kufanya nini?

Neno la kwanza na kubwa, usikimbilie ukimya. Wengi hujifungia chumbani, hutia pamba masikioni, wakidhani masikio yanahitaji kupumzika. Kumbuka wale watu 18. Ukiziba masikio mahali palipo kimya, unauambia ubongo uongeze sauti. Ziba masikio penye kelele tu, kazini au dansini. Usiku weka sauti ndogo karibu nawe: feni, saa ya ukutani, redio iliyopunguzwa sana, sauti ya mvua katika simu. Isiwe kubwa ya kuufunika mlio. Iwe chini yake kidogo, uvisikie vyote viwili, maana askari hawezi kumzoea mtu aliyefichwa nyuma ya pazia.

Usiupime mlio kila asubuhi ukiuliza, leo ukoje? Kuuliza huko ndiko kumwamsha askari.

Ikiwa pia husikii vizuri, nenda ukapimwe. Chombo cha kusaidia kusikia, kile kinachovaliwa sikioni, humletea ubongo habari alizozikosa, na kwa watu wengi mlio hupungua. Kwa viziwi kabisa iko operesheni ya kupandikiza chombo ndani ya sikio, nayo mara nyingi hupunguza mlio pia. Katika Tanzania ilianza kufanywa katika Hospitali ya Taifa Muhimbili mwaka 2017. Ni ghali, sitawadanganya. Lakini kupimwa masikio si ghali kama hivyo, na wengi hawajapimwa hata mara moja tangu kuzaliwa.

Usitie njiti ya kiberiti sikioni, wala unyoya, wala mafuta ya moto. Nta iliyosukumwa ndani ni taabu kuliko nta iliyoachwa.

Na wewe uliye mke, mume au mtoto wa mwenye mlio, tafadhali usimwambie, "Hayo ni mawazo tu." Huwezi kuusikia, hiyo ni kweli, hata maumivu ya jino lake huyasikii. Mwache redio yake ndogo kitandani, hata kama wewe wapenda kulala kimya. Kama amenuna mezani penye watu wengi, huenda hakununa. Huenda anahangaika kuyashika maneno yenu katikati ya mlio wake.

Ziko hali ambazo hazingoji kuzoea. Ukiamka asubuhi na sikio moja limekuwa ziwi ghafula, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Iko dawa ambayo husaidia ikitolewa mapema, na majuma yakipita huwa kazi bure. Mlio unaopiga pamoja na moyo, du, du, du, huenda ni wa mshipa wa damu, uchunguzwe. Mlio wa sikio moja tu usiokoma, uchunguzwe pia. Na mlio unaokuja na kizunguzungu kikali, au usaha, au uso uliopinda upande mmoja, usiulaze nyumbani. Na kama mlio umekufikisha mahali pa kuona heri usiishi, mwambie mtu leo, yeyote unayemwamini, kisha aende nawe kwa daktari.

Sasa tufanye zoezi. Mwaka 1953 huko Marekani, wataalamu wawili waliwaingiza watu 80 wenye masikio mazima, mmoja mmoja, katika chumba kisichopitisha sauti. Wakawaambia waeleze wanachosikia. Watu 94 kwa 100 walisema wanasikia milio: kuvuma, kulia, kupiga filimbi. Hawakuwa wagonjwa. Mvumo wa shhh umo katika kila redio.

Ninyi hamna chumba cha namna hiyo, lakini mna darasa. Somo likiisha, mwalimu azime redio, afunge mlango na madirisha, na wote mkae kimya dakika tano. Kisha kila mmoja achukue penseli, aandike kwa maneno yake alichokisikia ndani ya masikio yake, sentensi mbili au tatu. Yule ambaye tayari ana mlio unaomsumbua asishiriki katika kusikiliza. Yeye apewe kazi ya kushika saa. Baadaye, akipenda, awaandikie wenzake sentensi moja: wake unalia namna gani.